Ripoti Ambayo Sikuisoma

Jumapili ya tatu ya likizo, usharika wa Kidia.
Elinami amevaa kola niliyoinyosha
kwa pasi ya mkaa kabla jogoo hajawika.
Anasoma idadi:
waliobatizwa, arobaini na wawili;
mitaa mipya, miwili;
kisima, kimoja, kina maji.
Mwinjilisti anasema, wapigieni makofi ya kilo.
Yanapigwa.

Mimi nimekaa benchi la wageni.
Kanisa hili nililifagia nikiwa msichana wa kipaimara,
najua tofali gani lilipasuka na nani alilipasua,
na leo nimekaa benchi la wageni.

Hesabu yangu hakuna aliyeiuliza.
Ninayo.
Malaria, kumi na moja; tatu kati yake za usiku,
barabara ya Cuamba imekatwa na mvua.
Maharage yaliyoungua kwa sababu mtu alipiga hodi
na habari zake zilikuwa ndefu: sikumbuki.
Mimba, moja, ya miezi mitano.
Ipo nyuma ya jiko letu, karibu na mpapai.
Mama Muanacha alichimba kwa jembe lake mwenyewe,
akanena juu ya udongo neno la Kimakua
ambalo sijapata la kulitafsiria,
wala sijatafuta.

Muanacha hayumo katika wale arobaini na wawili.
Ijumaa hujifunga mtandio mweupe, huenda kwake kuswali.
Uji alionipikia siku tisa
hauna safu kwenye fomu ya dayosisi.

Anaeli tuliondoka naye ana miaka miwili.
Sasa ana sita, na mtori anausukuma kando,
anataka ugali wa muhogo.
Bibi yake anamwita avó.
"Anaomba nini huyu?" mama mkwe akaniuliza.
Nikamwambia, anakuita wewe.
Jana, shambani, shemeji akituonyesha miparachichi
aliyoipanda palipokuwa na kahawa yetu,
mtoto akanivuta kanga:
"Mama, tunarudi lini nyumbani?"
Mama mkwe akainama kung'oa jani
ambalo halikuwa gugu.

"Mama mchungaji atusalimie!"
Nikasimama. Nilikuwa na maneno, Mungu anajua.
Nilisema Bwana asifiwe,
wakaitikia kama mvua juu ya bati,
kisha mdomo ukaenda wenyewe: koshukuru.
Neno la kule, ndugu wa shukuru yetu
aliyehamia mbali na kuoa huko.
Watoto wa safu ya mbele wakacheka.
Anaeli, kutoka nyuma, hakucheka. Aliitikia.
Nikakaa.

Nje, mnada.
Mzee Kiwelu kamshika jogoo miguu:
elfu kumi na mbili, mara ya kwanza,
elfu kumi na tatu kwa yule wa koti,
jamani, huyu ni wa misheni, msimfanye yatima!
Mkungu wa ndizi ng'ombe, magimbi, galoni la maziwa.
Na Ndetaulwa, mjane wa fundi cherehani,
ambaye paa lake nimeliona juzi,
akafungua leso: mayai matatu.

Miaka minne nilipokea bahasha kutoka mjini Moshi,
mhuri wa dayosisi, sahihi ya mhazini.
Nilidhani fedha hutoka kwenye mhuri.
Kwinini yangu ilikuwa hii, basi.
Matatu matatu, kwenye leso.

Nikanyoosha mkono. Elfu mbili.
Mtu akasema tatu, nikasema tano,
Elinami akanitazama, maana tano
ilikuwa nauli yetu ya kurudi mjini Jumatatu.
Mara ya tatu! Ya mama mchungaji!
Ndetaulwa hakuniangalia.
Alikuwa anakunja leso, pembe kwa pembe,
polepole, kama mtu atakayeihitaji tena.

Moja lilikuwa na ufa.
Nikampa Anaeli ayabebe yote.
Akayashika kifuani njia nzima ya mteremko,
hasemi, hatazami mlima,
mpaka mlangoni akauliza
kama haya ni ya kula
au ni ya kwenda nayo.